Bunduki ya Mzee Hollis

Jumanne, 12 Machi

Leo sijafanya kazi hata chembe. Kichwa kimejaa mambo ya Jumapili. Baba mkwe, Mzee Hollis, aliweka uma chini katikati ya chakula, akasema macho yake yamekwisha na hatawinda bata tena. Bunduki yake ya marisau, aliyoachiwa na baba yake, ataitoa. Sisi wakwe wawili tuingie mashindano ya kulenga shabaha ya Jumamosi. Atakayemaliza mbele ya mwenzake ataichukua.

Mwenzangu ni Wendell, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, muuza chakula cha ng'ombe. Mtu mwema kupita kiasi. Simwamini.

Nina miaka kumi na moja katika familia hii, na mzee bado huniita “yule wa bima”. Naitaka bunduki ile. Tatizo: mashindano ni ya silaha tatu. Bastola, bunduki ndefu, marisau. Unakimbia, unapiga, saa inahesabu. Mimi nimewahi kupiga makopo tu, nimesimama.

Jioni, darasa la wageni wa mashindano. Mwalimu ni Marlys, mkutubi wa shule, mama wa miaka sitini asiyecheka. Alisoma kanuni saa nzima. Mimi nilikaa nyuma nikinakili mchoro wa uwanja uliobandikwa ukutani. Kanuni ni za watu wasio na mipango.

Jumatano, 13 Machi

Nimegundua kwamba wageni wakija wawili wawili hupangwa asubuhi, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi jekundu. Basi nimemwandikisha mke wangu, Nadine. Hakuwa na habari! Alipouliza atafanya nini huko, nikamwambia apige chochote, mradi awepo. Akasema bunduki ile ya baba yake aliwahi kuua nayo bata akiwa na miaka tisa. Nikamwomba asinikatize, nilikuwa nahesabu sekunde.

Risasi za marisau huingia moja moja kwa kidole. Mabingwa huingiza nne kwa mkupuo. Nimejaribu sebuleni kwa risasi bandia za plastiki, mara arobaini. Kidole gumba kimechubuka. Moja iliruka ikaingia kwenye sufuria ya maharage.

Alhamisi, 14 Machi

Nilijitolea kupaka rangi mabamba ya chuma ya kulengea, ili nipate kupima uwanja kwa hatua. Akili hiyo! Nikamkuta Wendell keshapaka nusu. Amekuwa akija tangu Jumatatu.

Akanionyesha pipa la kituo cha tatu, cha mwisho uwanjani, ambamo unaiacha bunduki ndefu na kukimbilia nyingine. Akaniambia nisiiache kabla ya kufunga kitasa cha usalama, maana ukisahau wanakutoa mashindanoni. Kwa nini anisaidie? Nikanusa mtego. Nami nikamwambia nimesikia muda wa kuanza umesogezwa kutoka saa mbili hadi saa nne. Akanishukuru sana.

Ijumaa, 15 Machi

Wendell amepiga simu. Amemwuliza Marlys, na ni saa mbili ileile. Anadhani kuna mtu kanidanganya, akaona aniokoe nisije nikachelewa. Halafu akaja na mkanda wake wa akiba wa kubebea bastola, kwa sababu wangu ni wa suruali. Nimeukagua mara tatu nikitafuta hila. Hakuna. Yaani ameificha vizuri kweli.

Chakula hakipiti. Nadine kala sahani mbili.

Jumamosi, 16 Machi



Mzee Hollis alikaa kwenye kiti cha kukunja, kofia imeshuka machoni. Kipima muda kilipolia sikioni mwangu kituo cha kwanza, nilisahau hata jina langu. Lakini miguu ilikimbia! Mabamba yakaanguka. Kituo cha pili vivyo hivyo. Nikamtangulia Wendell kwa sekunde nne. Nne! Nilimwona mzee akinyanyua kofia anitazame vizuri.

Kilibaki kituo cha tatu, chenye kujaza marisau kwingi. Nikajiendea kando kwenye meza ya usalama, ndipo pekee unaporuhusiwa kushika silaha yako kabla ya zamu. Nikatoa risasi zangu bandia nijikumbushe. Moja, mbili, tatu. Kivuli kikasimama mezani.

“Mkononi una nini, Royce?”

Alikuwa Marlys. Nikamweleza ni plastiki, haziwezi kuua hata nzi.

“Meza hii haiguswi na risasi ya aina yoyote, hata bandia. Nilirudia mara tatu darasani. Ulikuwapo?”

Nikasema nilikuwapo. Akasema kwa upole, na upole ndio ulioniua, “Basi siku yako imekwisha. Ifungie bunduki garini, uje utusaidie kuziba matundu.”

Ndiyo desturi ya pale. Aliyetolewa haendi nyumbani kununa. Anabaki, anaziba matundu ya shabaha za karatasi kwa gundi, anainua mabamba ya wenzake. Nikainama mbele ya Mzee Hollis nikimsafishia Wendell njia. Nilitaka ardhi inimeze.

Zamu ya Wendell. Alipiga vizuri mno, nikaanza kumwona na bunduki ile begani. Alipofika kwenye pipa akageuza macho, akaniona na gundi yangu, akanikunjia uso wa huruma. Akaiacha bunduki ndani, akakimbia. Kitasa kilikuwa wazi. Marlys akainua mkono, akamsimamisha papo hapo. Huruma ilimponza. Akaja, akachukua gundi upande wa pili wa karatasi yangu, wala hatukutazamana.

Akabaki Nadine. Akapiga taratibu, hakukimbia, akafunga kitasa, akajaza moja moja. Bamba la mwisho lilichelewa kuanguka, kisha likalala. Alikuwa wa thelathini kati ya thelathini na wawili. Lakini alimaliza.

Mzee Hollis akasimama kwa taabu. “Wanaume wazima wawili,” akasema, “na binti yangu sikumwuliza hata.” Akampa funguo za kabati ya bunduki. Nadine akalia. Mimi nami machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi.

Jumapili, 17 Machi

Bunduki iko nyumbani kwetu, kwa hiyo kwa hesabu fulani nimeshinda. Nimemwandikia Nadine makosa yake kumi na saba ya jana. Amefunikia chungu kwa karatasi hiyo.

Baada ya kanisa Mzee Hollis alinivuta kando. Akaniita Royce. Royce! Akasema Alhamisi anatengeneza uzio wa malisho ya chini, ni kazi ya watu wawili, na angependa niwe mimi, halafu tule nyama choma kwake, sisi wawili tu.

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba Alhamisi haiwezekani. Mashindano mengine ni tarehe ishirini na saba Aprili, na Alhamisi hiyo nimepanga kufanya mazoezi ya kukimbia na bunduki tupu kuzunguka ghala, ili safari hii mzee anione mimi ni mtu wa namna gani. Akasema sawa.

Nimempendekezea Wendell.