Nilimwambia Shemeji Aezue Paa

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa anastaafu. Kiti chake ni changu au cha Miwani, mpimaji mwenzangu, yule mwenye kiherehere. Wiki hii tunashindanishwa kutabiri. Nimeandika: kavu mpaka Jumapili! Shemeji, mume wa dada, kaniuliza kama anaweza kuezua paa bovu aweke mabati mapya. Nikamwambia aezue lote. Kanishukuru, ati kuoa kwetu ni bahati. Nimevimba kichwa, sikatai.

Jumanne, 5 Machi
Barometa inashuka, dalili ya mvua. Shenzi! Miwani kaanza somo: hewa ina uzito. Ikipata joto inakuwa nyepesi, inapanda. Huko juu inapoa, mvuke unageuka matone, na chini upepo unakimbilia kujaza nafasi. Akasema dhoruba iko njiani. Hewa ina uzito! Mbona hainilemei? Nikangoja aende chooni, nikazungusha skrubu ya nyuma mpaka mshale ukapanda. Sasa umetulia kama mtoto aliyechapwa, na utabiri wangu uko salama.

Jumatano, 6 Machi
Saa nane Shemeji kapiga simu. Kaona wingu jeusi, anataka kufunika kuta. Ni za matofali mabichi, zikilowa ni uji. Nikamwambia barometa iko juu, haisemi uongo. Akasema haya, mtaalamu ni wewe.
Saa tisa. Mvua ya mawe! Simu yake haipokelewi.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji hatunaye. Ukuta ulimwangukia akitoa kitanda nje. Dada kanikumbatia, akasema angalau mimi nilijitahidi kumshauri, mvua ndiyo iliyotusaliti. Nimelia, Mungu anajua. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasema kazi ya Mungu haina makosa. Kazini Mkuu kauliza nani kaichokonoa barometa. Nikamwambia mimi si mmbeya, ila Miwani hukaa nayo sana.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani kasimamishwa kazi. Maskini, hata hakujitetea, alikuwa anamlilia Shemeji kana kwamba ni ndugu yake. Kiti ni changu! Utabiri wangu wa kwanza kama mkuu hauwezi kuwa wa mvua, watu watasema nina mkosi. Nimeandika: kavu. Mshale una maoni yake, nitaurekebisha baada ya chai. Mazishi ni kesho. Dada kauliza kama wakodi turubai. Nimemwambia asijisumbue.