Kiti cha Mbele na Kifaa Kisichosema

Jumatatu, 4 Agosti

Bila mimi, ukoo huu ungekuwa bado umesimama kizingitini ukiulizana njia ya kwenda sokoni. Sijisifu, nasema ukweli ulivyo. Na si ukoo tu. Malori yote yanayoingia ghalani kwetu hupita kwa idhini yangu. Nikinyoosha mkono, yanasimama. Wapo madereva waliokwisha kuvuka nchi tatu, lakini wakifika mbele yangu wanapunguza mwendo na kuniamkia. Ni kweli kazi yangu ni kunyanyua chuma cha getini. Lakini asiponyanyua mtu, nani atapita?

Sasa sikia nilivyodhalilishwa leo. Mama anataka apelekwe kwenye chemchemi ya maji moto, Jumamosi. Magoti yamemchosha. Jirani yake alitumbukiza miguu kule akarudi anatembea kama msichana, na tangu siku hiyo mama halali kwa wivu. Gari ni la shemeji, mume wa dada yangu, mwoka mikate. Ni gari la kusambazia mikate. Mbele viti viwili, nyuma makreti matupu. Dada akasema, tena mbele za watu, kwamba mama akae mbele na mimi nikae nyuma juu ya kreti. Nikae nyuma! Mimi! Nikamuuliza, nani ataonyesha njia? Shemeji akatoa simu yake mfukoni akaitikisa. Akasema humo ndani yuko mwanamke anayejua njia zote na hapayuki.

Dada akakumbusha safari ya mwaka jana, nilipowapeleka kuona maporomoko tukafika kwenye kiwanda cha matofali. Watu hawa hawasahau. Na matofali yenyewe yalikuwa mazuri, tena mtu wa pale alitukaribisha vizuri sana.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba Jumamosi nitakuja na kifaa maalumu cha kuonyesha njia, kile kinachosema na setilaiti moja kwa moja, si simu ya kupigia soga. Mama akasema kama kweli nitamfikisha bila kuuliza mtu, basi nikae mbele, yeye atatandikiwa godoro huko nyuma. Yeye anachotaka ni maji moto tu.

Nimeshinda. Sasa inabidi nikitafute hicho kifaa.

Jumanne, 5 Agosti

Utafiti. Kila lori lililofika getini nilimhoji dereva kabla sijanyanyua chuma. Foleni ikafika hadi barabarani. Honi! Bosi akachungulia dirishani akauliza kuna nini. Nikamwambia ni ukaguzi.

Dereva mmoja tunayemwita Kipara ana kifaa kimenata kwenye kioo cha mbele kwa kikombe cha mpira. Kikubwa kama kipande cha mkate. Kinasema. Kata kushoto, nenda moja kwa moja, geuka ukiweza. Kipara akasema tangu akinunue hajawahi kumuuliza mtu njia, na hata mkewe hapigi kelele tena garini maana hakuna nafasi.

Nikawaza sana. Kifaa kinachosema. Sasa kikisema chenyewe, mimi nitakaa kiti cha mbele nikifanya nini? Nitakuwa mzigo wenye mkanda.

Nilimsimulia Kipara jinsi nilivyomwongoza rubani aliyepotea angani, kwa kutumia kioo cha kunyolea tu, nikiwa juu ya paa. Akauliza ndege ilikuwa ya namna gani. Nikanyanyua chuma apite.

Jumatano, 6 Agosti

Dukani. Binti muuzaji ana adabu lakini anauliza sana. Akaweka vifaa viwili juu ya meza ya kioo.

Cha kwanza ni pacha wa kile cha Kipara. Kioo kipana, sauti, ramani zote ndani hata pasipo na mtandao. Ila hula umeme wa gari. Ukishuka nacho ukaenda porini, betri inakata roho upesi.

Cha pili kidogo, kinaingia kiganjani, rangi ya chungwa, kimevikwa mpira. Ukikiangusha kinadunda. Ukikitumbukiza majini kinaendelea. Betri inashinda kutwa. Hakisemi neno. Binti akaeleza kwamba hiki hasa ni cha watembea kwa miguu, wapanda milima na wawindaji wa picha za ndege. Akauliza safari yangu ni ya gari au ya miguu. Nikamjibu kwamba safari zangu ni za kila namna. Akauliza nitasafiri na nani. Nikasema na mama, magoti yanamsumbua. Akasema, basi mzee wangu, chukua kikubwa, hutajuta.

Nikanyooshea kidole kile cha chungwa.

Akanionyesha kioo chake. Akaniomba nisome jina la mahali, nione kama maandishi yananitosha. Nikamwambia taa za duka ni hafifu. Akanipeleka mlangoni. Nikamwambia jua limezidi. Akauliza kwa upole kama nimekuja na miwani yangu. Mimi! Mtu anayesoma namba ya lori likiwa bado kona ya mbali! Nilikisogeza kifaa mbali kidogo na uso, kadiri mkono ulivyofika, kwa heshima tu. Kitu cha thamani hukitazami kwa karibu kama unakinusa.

Akakitilia chemchemi kama mwisho wa safari. Akaniambia siku ya kuondoka kitaniuliza maswali machache, niyajibu kwa makini.

Fedha zilikuwa za kununulia bati la paa la jikoni. Mke wangu hajui. Mvua si ya wiki hii.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua. Sufuria ya mke wangu ilijaa bila yeye kuchota maji. Ananitazama kwa namna ambayo siipendi.

Lakini jaribio limefaulu! Nilikiwasha alfajiri nikakiambia kinipeleke kazini. Kikauliza maswali. Nikabonyeza kukubali. Kikauliza tena, nikakubali tena. Mtu muungwana hakatai. Kikachora mstari na kamshale kadogo, hivyo naviona vizuri kabisa, na nikaufuata. Kikanipitisha uchochoro nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, kati ya kamba mbili za nguo, juu ya mtaro, kando ya banda la kuku. Kuku walishangaa. Nikafika getini kabla ya bosi, jambo ambalo halijatokea tangu wanipe sare. Bosi akauliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Kifaa cha ajabu. Kinajua mpaka njia za kuku. Simu ya shemeji itajua wapi?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimempitia shemeji tanurini kumwonyesha. Mikono yake ilikuwa na unga, nikamkataza kukishika. Akainama akatazama. Akasema ni kidogo. Nikamwambia na almasi pia ni ndogo. Akauliza kinasemaje. Nikamwambia kinaniambia mimi, na mimi nitakwambia wewe. Akarudi kukanda unga. Alikanda kwa nguvu kupita kawaida. Wivu huo.

Mama alikuwa ameketi pale mlangoni pa tanuri, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba yake, anakunja nguo za safari. Akanivuta pembeni. Akasema usiku magoti yanamwamsha, na kwamba hajamwambia dada asije akatiwa wasiwasi. Akasema atamwamini nani zaidi yangu, mwanawe wa kwanza. Nisimzungushe, mwili hauna tena nguvu za kuzungushwa.

Nikamwambia alale. Mimi nipo.

Jumamosi, 9 Agosti

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Tuliondoka asubuhi. Shemeji kwenye usukani, mimi kiti cha mbele, mkanda kifuani, kifaa mkononi. Nyuma mama juu ya godoro, dada na mke wangu juu ya makreti. Gari lote linanukia mikate. Nilifungua dirisha ili wapita njia wanione.

Kifaa kikauliza maswali yake. Nikakubali yote. Haraka haraka, shemeji asije akanipa msaada.

Lami nzuri. Mwanamke wa kwenye simu ya shemeji akasema nenda moja kwa moja. Mshale wangu ukasema ingia kulia, kwenye kiwanda cha mbao. Mabishano. Shemeji akasema lami ndiyo hii, inafika mpaka kwenye maegesho ya chemchemi, ameshapeleka mikate upande huo. Nikamwambia kupeleka mikate si kusoma ramani. Dada akapiga kelele kutoka nyuma kwamba matofali yanatuita. Mama ndiye aliyeamua. Akasema simu izimwe. Mwanangu ameahidi.

Tukaingia kulia.

Barabara ya changarawe. Kisha ya udongo. Kisha nyasi katikati. Kisha nyasi kila mahali. Matawi yakaanza kutupapasa madirishani. Mke wangu akauliza kama hii bado ni barabara. Nikamjibu kwamba ni barabara ya zamani, waliijenga wataalamu. Tukampita mzee mwenye baiskeli, akashuka akatupisha, akatusindikiza kwa macho mpaka tukapotea. Dada akataka tumuulize. Nikakataa, ahadi ni ahadi.

Njia ikaishia kwenye daraja. Daraja zuri. Mbao na kamba. Upana wa mtu mmoja, au wawili wanaopendana.

Shemeji akazima injini. Aliegemeza paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, ndege wakaruka.

Pa kugeuzia gari hapakuwepo. Simu ya shemeji ilipowashwa, mtandao hakuna. Mke wangu akaniuliza, polepole, kama fedha za kifaa hiki zinafahamiana na bati la jikoni. Nikajifanya nakitazama kifaa. Ng'ambo ya mto, nyuma ya miti, moshi mweupe ulikuwa unapanda. Mama akauona. Akasema, ule ni mvuke. Kumbe tumefika! Nikapiga makofi. Nikawaambia, si niliwaambia?

Mama akajaribu kusimama. Akashika mlango wa gari, akakanyaga hatua moja, akakaa tena chini. Hakulalamika. Alitazama tu ule mvuke. Hapo nilitamani mtu anitukane, hata dada, lakini hakuna aliyenitukana.

Shemeji akashuka, akavua viatu, akachuchumaa mbele yake, akasema mama panda. Mama akasema wewe kijana utavunjika. Shemeji akasema anabeba magunia ya unga kila siku, na magunia hayamwombei dua. Mama akapanda. Na mama si mwepesi, amekula vizuri maisha yake yote.

Mimi nikatangulia darajani, kifaa mkononi. Lazima mtu aongoze.

Katikati ya daraja nikasimama kuhakikisha mwelekeo. Shemeji akanifikia, anahema kama mvukuto. Mama, kule juu mgongoni, akavaa miwani yake, akachungulia juu ya bega langu kwenye kioo cha kifaa. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma dawa zake. Akasema, mwanangu, mbona hapa wameandika njia ya waendao kwa miguu?

Mto ulinguruma chini yetu. Mto tu.

Kisha mama akaanza kucheka. Alicheka daraja likatikisika. Shemeji akamsihi, mama tafadhali usicheke, tutaanguka. Akazidi. Dada akacheka, mke wangu akacheka, shemeji naye akacheka mpaka ikabidi ashike kamba. Nikawaambia jambo lililo wazi kabisa: kifaa hakikukosea. Tunakwenda kwa miguu sasa hivi, au hatuendi?

Kule chemchemini mama alitumbukiza miguu. Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu sana, kanga imekunjwa juu ya magoti, na hakuna aliyethubutu kumwambia twende.

Kurudi: shemeji akambeba tena. Halafu ilibidi gari lirudi kinyumenyume njia yote ile, mpaka kiwanda cha mbao. Shemeji hakuona kitu nyuma, ni makreti na majani. Nikatembea nyuma ya gari nikimwita. Leta. Leta. Kata kulia. Nyoosha. Leta tena, kuna shina. Simama hapo! Gari halikupata hata mkwaruzo. Shemeji alipofika lami akashuka akanishika mkono, akasema hajawahi kuona. Hilo si la kuandika sana, ni kazi ya kila siku getini.

Mama alikaa kiti cha mbele. Mimi nilikaa kwenye kreti.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekirudisha kifaa dukani. Jana nzima nilitafakari kosa liko wapi, na nimelipata: kilikuwa kikubwa mno. Kitu cha kushika mkononi kila mtu anakichungulia.

Binti akafurahi kuniona. Akanisogezea tena kile kipana kinachosema. Akasema atanibadilishia bila matata. Nikamwambia aondoe. Nimechukua cha kuvaa mkononi kama saa. Kioo chake ni kama kifungo cha shati. Hakisemi, na hakuna mtu atakayekisoma akiwa juu ya mgongo wa mtu. Mwezi ujao mama anataka kurudi chemchemi. Anasema usiku wa Jumamosi alilala mpaka asubuhi. Nimeshamwambia shemeji kiti cha mbele kina mwenyewe. Akaniomba siku hiyo nitembee nyuma ya gari tangu nyumbani. Ana utani yule.

Jioni hii mama anatafuta miwani yake. Ametafuta chini ya mito, ametafuta kwenye kapu la nguo, dada amepindua godoro. Nimemwambia bila shaka ilianguka darajani, kwa jinsi shemeji alivyokuwa anamtikisa.

Ipo. Ipo puani kwangu, kamba na vyote. Nitairudisha nikishamaliza kusoma saa inasema nini.