Mti Wangu wa Nondo

Jumatatu, 22 Desemba
Nimeamua kuipenda Krismasi. Ghafla! Wenzangu nyumbani wanaimba tangu mwanzo wa mwezi, mimi nawazomea. Leo Mama katangaza mezani: asiyechangamka haingii kwenye picha ya familia, atashika simu awapige picha wenzake. Akaniangalia mimi. Mwaka jana nilipiga mimi. Mwaka juzi, mimi. Mgeni akitazama ukuta wetu anadhani nyumba hii haijazaa mtoto wa kiume! Dada akasema afadhali, ukuta umepona. Mumewe, Shemeji Suti, akacheka hadi akapaliwa. Asifie hapa.

Jumanne, 23 Desemba
Suti kaleta mti wa plastiki. Mama kamwita "mwanangu". Mwanangu! Mimi niliyezaliwa humu naitwa "wewe". Chelewa chelewa utamkuta shemeji kwenye kiti chako. Lakini mimi ni fundi wa kuchomelea, mtaa mzima sina mpinzani. (Bosi anasema bado najifunza. Wivu.) Nimeunda mti wa nondo, matawi kama mikuki. Ukiuona unasimama wima kwa heshima.

Jumatano, 24 Desemba
Hauingii mlangoni. Nilipima urefu, upana nani alikuwa na habari nao? Suti akauliza, shemeji, huo ni mti au geti la jela? Mama akaamuru ukae uani, karibu na pipa la taka. Pipa! Masikio yanawaka kwa hasira. Mashine ninayo, nimeiazima karakanani bila kumsumbua bosi. Kesho alfajiri nauchomelea barazani. Tuone nani atauhamisha.

Alhamisi, 25 Desemba
Kazi safi! Tawi moja kwenye fremu, jingine kwenye mlango wa grili za nondo, usiyumbe. Kisha Mama akavuta mlango. Ukagoma. Akavuta Dada. Akavuta Suti, suti ikachanika kwapani (hilo nimelipenda). Wote ndani, mimi nje. Grainda ya kukatia iko karakanani, karakana imefungwa, bosi kasafiri na ufunguo. Madirisha nayo yana grili. Nilizichomelea mwenyewe, kwa hiyo ni imara.

Akatokea Bibi, mama mzaa Mama, na kofia mpya. Akauliza hao wameiba nini. Mama akafoka kutoka ndani kwamba amuulize mjukuu wake. Bibi akaketi mbele ya mlango, akasema picha ipigwe hivyo hivyo, hakuja kusikiliza kelele. Mama akapitisha simu kati ya nondo. Nikambembeleza Bibi apige yeye, mimi nisimame na mti wangu. Akapiga picha ya kidole gumba chake. Mara mbili! Mama akasema: wewe, piga.

Nikapiga.

Ijumaa, 26 Desemba
Bosi karudi, kakata mti, kanisimamisha kazi. Picha imeshatundikwa. Bibi katabasamu, nyuma yake wafungwa watatu wamenuna. Mti umependeza kuwashinda wote. Mimi sipo. Nimekaa nikawaza hadi nikaligundua kosa. Si mlango. Ni simu, kila mwaka inahitaji mtu wa kuishika. Mwakani naichomelea ukutani.