Mama Ana Mikwaruzo

Jumatatu, 10 Machi

Theluji. Gari langu limelala nje tena kwa sababu gereji ni ya Gerry. Simlaumu. Hakuna mama Toledo nzima mwenye mwana kama huyu! Anatoa upya santuri ambazo dunia imezisahau, kwa njia ileile ya enzi zile. Kompyuta marufuku. Mashine zake zina taa ndani, zinapasha moto kuliko jiko langu.

Safari hii ni wimbo wa Nyigu, bendi ya vijana wa mtaa huuhuu, mwaka 1966. Waliurekodi gerejini, walionunua ni shangazi zao tu, basi. Kanda ya asili ni ya Mzee Walt Zielke, aliyeuimba; amemwazima Gerry tu. Jumapili anahamia Arizona kwa binti yake, ndiyo basi tena. Sharti lake: Ijumaa ausikie kwenye ukumbi wa parokia, siku ya mlo wa samaki wa Kwaresima, mbele ya wote waliomcheka ujanani. Ukisikika kama zamani, anamwachia Gerry kanda, santuri itoke. Ukisikika umesafishwa, kanda inapanda ndege naye. Gerry hali, halali.

Nimeusikiliza. Nyigu kweli! Kama msumeno ndani ya debe. Na mwishoni kuna mwanamke anapayuka. Nikamshauri Gerry amfute. Akaniomba, kwa heshima zote, nirudi jikoni.

Jirani yangu Eugenia amepita, akauliza muziki wa gereji ndio muziki gani, kwani wanamwaga oili? Mwanawe Rick hupiga kodiani parokiani kila Kwaresima, wimbo uleule. Nikanyamaza. (Sikunyamaza.)

Jumanne, 11 Machi

Msiba! Nilikuwa nimesimama nje ya gereji kwa bahati tu, sikio likiwa mlangoni kwa bahati tu. Gerry yuko kwenye simu. Kwa masikio yangu: "Mama ana mikwaruzo. Hazai tena kitu huyo. Mtupe, nipatie mama mwingine, haraka."

Nimelia ndani ya unga wa pierogi, sambusa zetu za Kipolandi. Mikwaruzo! Mimi niliyembeba tumboni mpaka akapitiliza, hataki kutoka! Sasa ataniweka nyumba ya wazee, nicheze bingo na watu wasionijua.

Kufa kikondoo? Labda Eugenia. Mpango: nitamwonyesha kwamba mama huyu bado ana kazi. Nimepaka nywele rangi. Imekuwa ya karoti. Gerry hakuona.

Jumatano, 12 Machi

Gerry alitoka asubuhi. Kikaja kifurushi. Ndani, bamba la chuma la duara, limefifia, lina vimistari vidogo vidogo kila mahali. Aibu! Wamemtumia mwanangu uchafu.

Nikachukua waya wa sufuria. Nikasugua mpaka bega likalia. Vimistari vyote, kwisha! Nikaliegemeza mezani ling'ae kama kipara cha padri wetu.

Gerry akarudi. Akalitazama. Akakaa juu ya spika, mikono kichwani. Mwisho akaniambia, polepole, kama anamwambia mtoto: vile vimistari ndivyo wimbo. Na bamba lile, kwa watu wa kazi yake, huitwa mama, kwa kuwa ndilo huzaa mabamba ya kukandamizia santuri. Wa kwanza alikuwa na mikwaruzo, akaagiza mwingine. Huyu ndiye alikuwa mwingine.

Kumbe mama si mimi! Nikamkumbatia kwa furaha. Yeye hakunikumbatia.

Kiwanda hakiwezi kutoa mwingine kabla ya Ijumaa. Ndipo furaha ikanishuka.

Alhamisi, 13 Machi

Gerry atachonga santuri moja hapahapa, moja kwa moja kutoka kwenye kanda. Ni laini, ikichezwachezwa inakufa. Hata mtu akitembea ndani, sindano inaruka. Friji imezimwa. Mimi pia nimezimwa: nimeambiwa nikakae garini.

Nikakaa garini, kwenye theluji, na blanketi. Eugenia akagonga kioo. "Shoga, umefukuzwa?" Nikamjibu nasimamia kurekodi. Akauliza mbona niko nje. Nikasema wakubwa husimamia kwa mbali.

Meno yalikuwa yanagongana, lakini nadhani alielewa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimebeba santuri mapajani, mikono nimeikalia ili isinitie majaribuni.

Ukumbi umejaa, harufu ya samaki tupu. Rick akamaliza kodiani yake (hatimaye). Gerry akaweka sindano. Nyigu hao! Padri akapaliwa na kabichi. Eugenia akaziba masikio. Mzee Walt ameinamisha kichwa, simwoni uso. Nikasema moyoni, basi, kanda imekwenda Arizona, na mimi ndiye nimeitia kwenye begi.

Ikafika mwisho. Yule mwanamke akapayuka, kwa Kipolandi: "Walter! Supu inapoa!"

Mzee mzima yule akasimama. Akaitikia kwa Kipolandi, mbele ya watu wote: "Nakuja, Mama."

Hakuna aliyetafuna.

Akatuambia siku ile mama yake alifungua mlango wa gereji katikati ya kurekodi. Kampuni moja iliwahi kuutoa wimbo upya, ikamfuta, eti ni kasoro. Hana sauti yake mahali pengine popote. Kanda aliyokuwa amerudishiwa mlangoni akamkabidhi Gerry kwa mikono miwili. Akasema, "Wewe kuna mtu amekulea."

Amekulea! Nani? Nikamwambia Eugenia huyo ndiye mwanangu. Akasema anajua, namwambia tangu alipozaliwa. Lakini alikuwa anafuta macho, nami nikampa leso. Ya karatasi.

Jumamosi, 15 Machi

Gerry amenisamehe. Kasema bila mama hakuna santuri, akacheka mwenyewe. Ijumaa ijayo kiwanda kitaleta bamba jipya.

Ijumaa, 21 Machi

Mama amefika! Gerry yuko kiwanja cha ndege, anapeleka mtu. Nani, sikusikia vizuri, mlango ulikuwa mnene. Bamba nimelifungua mimi. Zuri, lakini lina alama ya kidole cha mtu. Mtu hatumi mama wa watu akiwa hivyo.

Gerry alikataza waya wa sufuria, na mimi ni mtu wa kusikia. Siki na magadi hakuvitaja.