Mstari wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Nimevunjiwa heshima mchana kweupe! Mwalimu wa kwaya kanihamishia mstari wa nyuma, mgongoni kwa fundi bomba. Mtu mrefu kama ngazi! Watazamaji wataona nini? Paji langu la uso, wakibahatika. Mimi niliyekuwemo tangu kwaya haina hata sare! Nikamuuliza kosa langu. Akasema hakuna kosa, ni mpangilio tu. Mpangilio! Mke wangu, ambaye huimba sauti ya kwanza na kusimama mbele kabisa, kaniambia nipunguze makuu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Jumatano, 5 Machi
Dawa yao nimeipata. Jumamosi, mbele ya wageni, nitafumbua mdomo bila kutoa sauti. Besi itayumba, mwalimu atatokwa jasho, na wote watajua nani nguzo ya kundi hili. Nimejaribu mbele ya kioo. Napendeza.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetekeleza. Nyimbo zote, kimya! Watu wakasimama, wakapiga makofi. Mwalimu akafuta machozi, akasema besi haijawahi kutulia namna hii. Kisha akamkumbatia fundi bomba! Imeniuma, nasema kweli. Chakula cha jioni hakikupita.

Jumapili, 9 Machi
Kama hawanitaki, wapo wanaonitaka. Nimekwenda kwa wapinzani wetu, kwaya ya mtaa wa pili. Wakaniomba niimbe kidogo. Nikaimba. Wakatazamana. Kiongozi wao akasema nafasi zimejaa, ila nikipenda kuja kusikiliza, karibu sana. Hawa nao muziki hawaujui.

Jumanne, 11 Machi
Mazoezini nikamwambia mwalimu naacha kwaya. Nikasubiri anibembeleze. Akakuna kichwa, akatazama huku na huku, kisha akasema haiwezekani, ndiyo kwanza walitaka kunipa cheo. Mkuu wa Viti! Hakuna mgeni atakayeketi bila mimi kumwonyesha pa kuketi. Machozi yalinilenga. Fundi bomba ana cheo? Hana! Nikaapa mbele ya wote kwamba kwaya hii nitaifia, na atakayeisema vibaya atanikuta mlangoni. Mke wangu kaniuliza njiani kama nimeelewa kwamba Mkuu wa Viti hukaa huko huko mlangoni mwanzo hadi mwisho, wala haimbi.
Wivu mtupu. Nimemwambia kuanzia leo aniite Mkuu.