Bunduki ya Kutibu Muhogo

Siku ya Kwanza, tarehe 5 Machi 2001. Butembo, Vulamba.

Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, alikuja leo kuzungumza katika salle ya paroisse, ukumbi wa parokia. Biotechnologie! Alisema ndani ya kila mmea kuna amri ndogo zinazouambia uwe mrefu au mfupi, uugue au usiugue. Zinaitwa gene. Wataalamu wa ng'ambo wanatoa gene ya mmea wenye nguvu na kuitia ndani ya mmea dhaifu. Kwa njia gani? Wanaipaka kwenye unga wa dhahabu, laini usioonekana kwa jicho, kisha wanaupiga ndani ya mmea kwa bunduki ya kazi hiyo.

Dhahabu na bunduki! Katika vita hivi tumekosa chumvi, tumekosa sabuni. Lakini dhahabu na bunduki? Hapa Kivu vitakosekana? Sikungoja maswali. Nilitoka mbio.

Sababu ni hii. Muhogo wa mama mukwe wangu, Mama Kasika, kule karibu na Beni, unaumwa. Majani yamejikunja, yana madoa ya manjano, mizizi kama vidole. Nyumba nzima inakula hapo, pamoja na jamaa waliokimbia vita. Ametangaza kwamba mukwe atakayeuponya atapewa nusu ya chini ya shamba, ile ya udongo mweusi. Bakwe tuko wawili: mimi, na Abdias, aliyeoa mdogo wa mke wangu Kyakimwa. Abdias anazunguka shambani akitafuta miti isiyo na ugonjwa, anaifunga vitambaa ili baadaye aikate na kuipanda. Vitambaa! Masikini.

Siku ya Tatu, tarehe 7 Machi.

Dhahabu imepatikana. Ilikuwa kidoleni mwangu! Nimesaga pete ya ndoa kwa tupa tangu asubuhi, imebaki kipande kama ukucha. Unga uko ndani ya chupa ya dawa ya sindano. Gene nayo ninayo: pilipili ya nyuma ya nyumba. Haijawahi kuugua, hata kuku wanaiheshimu. Nimetwanga majani, maji yake nimeyachanganya na dhahabu.

Kyakimwa aliuliza pete iko wapi. Nilimwambia iko kazini. Alinitazama, kisha akasema tutakwenda pamoja kwa mama yake, ajionee kwa macho. Vizuri. Ushindi unahitaji shahidi.

Siku ya Posho, tarehe 10 Machi. Beni.

Siku mbaya, lakini si ya kushindwa. Tulipanda lori, camion ya Bilali, mchuuzi wa Beni aliyekuwa akirudi na viazi vya Musienene. Njiani nilimweleza mpango. Bilali, mtu wa adabu, aliniomba nisiueleze tena mpaka tufike. Lakini tulisimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha askari, na chef, mkubwa wao, alikuwa na bastola ndogo, nzuri, saizi ya muhogo kabisa. Ningenyamazaje? Nilimsalimia kwa heshima, nikamwomba aniazime.

Nilishushwa, nikakalishwa chini, kamba mikononi. Kyakimwa alitoa rozari. Chef akainama.

"Unataka kuua nani?"

"Hapana mutu, chef. Nataka kupiga muhogo."

Nilimweleza yote. Gene, pilipili, dhahabu. Aliposikia dhahabu alinyakua chupa, akamimina kidogo kiganjani, akasugua, akainua juani. Kumbe kabla ya vita alikuwa mchimbaji.

"Hii hapana or, hapana dhahabu, papa. Ni shaba."

Askari walicheka mpaka mmoja akaegemea camion. Kamba zikafunguliwa, chupa nikarudishiwa, nikaagizwa niusalimie muhogo. Bilali hakucheka. Aliendesha mbio hadi Beni, macho mbele. Kyakimwa alikuwa akiitazama pete yake mwenyewe. Zote mbili tulizinunua pamoja Kasindi, mpakani, kwa mtu mwenye tabasamu zuri. Nilijaribu kumweleza kwamba shaba nayo ni madini. Haikusaidia.

Siku ya Mungu, tarehe 11 Machi.

Wakati wa misa, wazo! Bastola sina, lakini manati ni nini kama si bunduki ya mpira? Nililowesha changarawe katika dawa yangu, nikaingia shambani wengine wakiwa bado mezani. Nilichagua miti imara tu, itakayovumilia risasi. Nilipiga kwa karibu, kwa moyo wote. Niandike ukweli: mti wa muhogo unavunjika upesi.

Safu ilipokwisha ndipo nikaona vitambaa. Abdias alivifunga chini kabisa, magugu yakavificha. Miti imara yote ilikuwa yake.

Mama Kasika alikuja, akaona, akaketi kwenye udongo. Hakugomba. Alisema polepole kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwisho isiyo na ugonjwa, na kwamba njia ya kule inakopatikana nyingine imefungwa na askari. Nilitamani nirudishwe kwenye barrière. Abdias, niliyengoja anipige, aliokota mti mmoja, akaugeuza mkononi. Alisema muhogo unapandwa kwa vipande hata hivyo, na mvua iko karibu. Tukikata leo, hautapotea mwingi.

Tulipanda wote hadi jioni. Mimi nilichimba mashimo. Kyakimwa alinipa maji bila kuniangalia. Lakini alinipa.

Siku ya Mungu, tarehe 22 Aprili.

Tumerudi Beni kuona. Umeota! Majani yamenyooka, kijani safi, hakuna doa. Mama Kasika alilia, kisha akampa Abdias nusu ya chini mbele yetu sote. Mimi nimepewa kupalilia nusu ya juu. Watu wanasema ni kwa sababu mbegu ilichaguliwa vizuri. Watu! Nani aliipiga ile mbegu? Nilitafuna jani moja kwa siri, na naapa ulimi uliwasha. Kidogo. Nilimweleza Abdias, akanipongeza kwa upole, jambo linaloudhi sana.

Kyakimwa ameanza tena kuniita baba ya batoto. Kwa hiyo moyo umetulia, na akili iko wazi kwa jambo kubwa zaidi. Radio ya mama mukwe imesema Wazungu walitengeneza kondoo bila dume! Nakala kamili ya kondoo mwingine. Unachukua chembe ya mwili wake, unaitia ndani ya yai, unaiamsha kwa umeme kidogo. Basi!

Abdias ana mbuzi aliyenona, anayezaa mapacha. Nywele chache zitatosha, hatajua. Umeme uko katika betri ya camion ya Bilali. Na mayai si shida. Kuku wa Mama Kasika anataga kila asubuhi.