Tone Moja Kila Sekunde Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Rejeta inavuja. Asubuhi nimekuta dimbwi la ukubwa wa sahani chini ya Mstaafu. Mstaafu ni gari langu. Ana miaka ishirini na sita na bado anaenda kazini, tofauti na wastaafu wengine.

Fundi wa gereji ya kona akachuchumaa, akachungulia, akasema nibadilishe rejeta leo leo. Gari lilale kwake siku mbili tu. Siku mbili tu! Gari likiambiwa siku mbili gereji, hulala mpaka linaota majani. Na Jumamosi namhitaji Mstaafu kuliko siku yoyote.

Jumamosi saa nne mama mkwe anatolewa bandeji ya jicho hospitali, na dereva ni mimi. Nimejitolea mwenyewe. Huu mwaka wa tatu mama mkwe hasemi nami. Nilimtengenezea saa yake ya ukutani, ikabaki nyuma saa nzima na dakika kumi, akafika harusi ya mpwa wake watu wanakunja viti. Tangu siku hiyo maneno yake kwangu anayapitishia kwa mke wangu. Mwambie mumeo anisogezee chumvi. Chumvi yenyewe iko mkononi mwangu! Nacheka wenzangu wakicheka, lakini inaniuma. Jumamosi nataka aseme nami. Hata neno moja.

Kwa hiyo sikurupuki. Mimi ni fundi saa, miaka kumi na tisa nafungua mashine ndogo kuliko ukucha. Napima kwanza. Nimelala chali uani, saa mkononi: tone moja kila sekunde kumi na moja. Kanuni: ikishuka chini ya sekunde nane, nabadilisha. Nimeiandika hapa ili nisijidanganye.

Mke wangu alitoka kuanika nguo, akauliza nafanya nini chini ya gari. Nikasema naangalia maji ya kiyoyozi. Akanikumbusha kwamba kiyoyozi kilikufa kabla mtoto wetu wa pili hajazaliwa.

Jumanne, 4 Machi

Sekunde nane kamili. Nane si chini ya nane. Kanuni ni kanuni.

Jioni akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Ukoo mzima unamwita Injinia kwa sababu anatengeneza mashine za kuchapisha maofisini, yaani anatoa karatasi iliyokwama. Gari lake jipya bado lina nailoni kwenye viti. Akasema kwa upole kwamba anaweza kumpeleka mama yeye, mimi nipumzike. Upole wa namna hiyo unaudhi kuliko tusi. Nikamwambia ahadi yangu iko palepale.

Nilikuwa nimemhamishia Mstaafu kwenye mchanga ili maji yanywewe yasionekane. Injinia akauliza kwa nini mchanga umelowa chini ya gari langu tu. Nikasema umande. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Sekunde tano. Nimekaa na kuitafakari kanuni kwa utulivu. Niliiandika siku ya kwanza, nikiwa na mshtuko, bila takwimu za kutosha. Bahati nzuri niliiandika kwa penseli. Nimefuta nane, nimeweka tatu.

Mchana dereva mstaafu wa malori alileta saa abadilishiwe mkanda. Nikamgusia habari za rejeta, kana kwamba ni ya rafiki yangu. Akasema enzi zake walikuwa wanamimina ute wa yai moja na kijiko kidogo cha pilipili manga. Yai linaivia kwenye tundu, pilipili inakaza, mnaendelea na safari. Elimu hiyo imekaa bure kwenye kichwa cha mzee, halafu mafundi wanatuuzia rejeta!

Nimetia mayai sita, kiini na vyote, na pakiti nzima ya pilipili. Kama yai moja linaziba, sita yanaziba zaidi. Mke wangu anatafuta mayai. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Kavu! Nimelala chini dakika kumi na tano, hakuna hata tone. Nimeinuka na mgongo wenye vumbi na moyo mweupe.

Nimepita gereji makusudi. Fundi akasikiliza habari ya mayai hadi mwisho, akavua kofia, akaivaa tena, akaniomba nisivuke soko na gari hilo. Wivu. Nimezunguka mtaa mara moja kwa majaribio. Mshale wa joto ulipanda kidogo na gari linanuka yai la kukaanga, lakini gari lenye afya lazima linuke kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Tumetoka saa tatu. Mke wangu mbele, mama mkwe nyuma na bandeji yake. Kabla hatujaondoka alimwambia mke wangu aniambie niende taratibu. Daktari amemkataza kabisa kupiga chafya mpaka jicho lipone, kwa hiyo hataki vumbi. Nikamwambia mke wangu amwambie asiwe na shaka.

Kwenye taa za kwanza mshale ukaanza kupanda. Nikawasha hita ivute moto wa injini, ujanja wa madereva wa zamani. Injini ilishukuru. Abiria hawakushukuru. Mama mkwe akamwambia mke wangu aniulize kama tunaenda hospitali au tunaokwa. Nikamwambia mke wangu ajibu kwamba joto ni zuri kwa macho. Mke wangu akakataa kuupeleka ujumbe huo.

Tumepita soko. Kwenye kilima cha posta Mstaafu akapiga mluzi, akatikisika, akazimika. Mvuke ukafumuka kwenye boneti na kuingia madirishani. Mvuke wa pilipili manga! Mke wangu akapiga chafya tatu mfululizo. Nami nikapiga yangu. Kisha nikasikia nyuma mama mkwe akivuta pumzi, ile ndefu, ya kuelekea kwenye chafya.

Hapo niliogopa kweli. Nilisahau gari, nikamsahau Injinia, nikaona jicho la mama wa watu likiharibika kwa ajili ya mayai yangu. Nikaruka nje, nikafungua mlango wa nyuma, nikambana pua.

Nimembana pua mama mkwe. Barabarani, mbele ya foleni ya watu wa posta. Nikamtoa nje hivyo hivyo, nimeshika pua, mpaka penye hewa safi. Chafya ikarudi ilikotoka.

Akauondoa mkono wangu polepole. Akanitazama kwa lile jicho moja. Akasema: “Wewe, badilisha rejeta.”

Injinia akatokea hapo hapo. Kumbe alikuwa nyuma yetu magari matatu tangu nyumbani, na aliyempanga ni mke wangu! Hakunicheka. Alinipa pole, mwanaharamu yule. Wakaondoka naye kwenye nailoni yake, mimi nikabaki kumsubiri fundi.

Jicho limepona vizuri. Mke wangu anasema kitu cha kwanza mama alichokiona ni saa ya ukutani ya kliniki, akauliza kama niliitengeneza mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Rejeta mpya imefungwa. Fundi aliipasua ya zamani mbele ya wateja wake wote, akawaonyesha yai lililoiva limejaa kila njia ya maji. Sitamsahau.

Halafu akasema pampu ya maji inalia, beringi imechoka, niibadilishe sasa hivi maadamu amekwisha fungua. Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria njia nzima.

Tuangalie ushahidi bila jazba. Ningebadilisha rejeta Jumatatu ile, Jumamosi tungefika salama, na mama mkwe angemwambia mke wangu aniambie asante. Nilichelewesha, nikapata maneno matatu, uso kwa uso, baada ya miaka mitatu. Aliyekosea hesabu ni nani hapo?

Tarehe 22 mama mkwe anarudi kliniki. Nimeshaomba kumpeleka. Safari hii nategemea sentensi ndefu.

Jioni nimelala chini ya Mstaafu na saa yangu. Pampu inalia mara moja kila sekunde sita. Kanuni: ikishuka chini ya nne, nabadilisha.

Nimeandika kwa penseli.